Kutetemeka baada ya kuacha pombe si upungufu wa nia

Dodoma, ambako pombe ya mtama imenywewa vizazi na vizazi, wengi huamini kwamba mnywaji wa siku nyingi akiacha ghafla kisha mikono ikatetemeka, amekosa nia tu, na dawa yake ni kujifungia ndani avumilie.

Imani hiyo haikuzuka hivi hivi, kwani wapo wanaoacha bila kuugua. Hata hivyo, pombe hupunguza kasi ya ubongo, na ubongo wa anayekunywa kila siku huzoea kushindana nayo, hivyo pombe ikikatika, kasi hiyo hubaki bila breki. Ndiyo maana, saa 6 hadi 24 baada ya funda la mwisho, kikombe hugonga sahani mkononi mwake na jasho humtoka hata katika baridi ya alfajiri ya Julai. Degedege laweza kumpata ndani ya siku 2 za kwanza. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo, ambako nyumbani hudhaniwa kuwa ni kurogwa, huanza aghalabu kati ya siku ya 2 na ya 4, na kwaweza kuua.

Anayetaka kuhakiki aandike saa ya funda la mwisho na saa ya kila dalili, kisha amwonyeshe tabibu wa zahanati. Mnywaji wa kila siku, hasa aliyewahi kupata degedege, afike kituo cha afya kabla ya kuacha, kwa kuwa zipo dawa za kutuliza hali hiyo, pamoja na vitamini B1. Kuzimua kwa glasi moja hutuliza mikono kwa muda, na hilo lenyewe laonyesha kwamba kinachotetemeka ni mwili uliozoea pombe.