Nani mwenye ruhusa ya kusimamisha mradi?

Mei 2010, mkoani Helmand kusini mwa Afghanistan, majeshi ya Marekani yalikuwa yanajiandaa kujenga makao makuu mapya ya kamandi ndani ya kambi ya Leatherneck. Jengo lilipangwa kuwa na futi za mraba 64,000, karibu mita za mraba 6,000. Makamanda watatu, akiwemo Meja Jenerali Richard Mills aliyekuwa akiongoza vikosi vya eneo hilo, waliomba lisijengwe. Walisema majengo waliyonayo yanatosha. Ombi likapanda ngazi hadi kwa jenerali mwingine aliyekuwa mbali na Helmand, naye akalikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba Bunge la Marekani limeshaidhinisha fedha, kwa hiyo kuufuta mradi halingekuwa jambo la busara.

Jengo likasimama, na dola milioni 36 zikatoka. Ndani yake kulikuwa na ukumbi wa mikutano wenye viti vya ngazi, viyoyozi vikubwa na nyaya za umeme zilizofungwa kwa volti 120 za Kimarekani, katika nchi inayotumia volti 220. Hata wazo la kuwaachia Waafghanistan likawa na gharama yake. Jengo halikutumika kwa kazi iliyokusudiwa hata siku moja.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Kwa miaka 18 nimekagua miradi inayolipwa na fedha za wafadhili hapa Tanzania, na kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma ripoti za ujenzi mpya wa Afghanistan na Iraq kama wenzangu wanavyosoma magazeti. Watu wakiniuliza fedha za Marekani za ujenzi huo zilikwenda wapi, wengi wanalo jibu tayari: ziliibwa. Ni kweli wizi ulikuwepo, na maafisa na makandarasi kadhaa walifungwa. Lakini wizi huacha alama: ankara ya kughushi, mhuri usiofanana, akaunti ya shemeji. Jengo la Leatherneck halina alama hizo. Zabuni ipo, mkataba upo, vyeti vya malipo vimesainiwa na wenye mamlaka. Faili lile lingeletwa mezani kwangu, ningelazimika kulipa hati inayoridhisha. Hilo ndilo linaloniumiza, na ndilo ninalotaka kulieleza leo. Sehemu kubwa ya upotevu ilipita kihalali mbele ya watu waaminifu waliokuwa wanaona kabisa kwamba mradi haufai, ila hapakuwa na yeyote kati yao mwenye ruhusa ya kuusimamisha.

Aliyewahi kukaa ofisi ya halmashauri mwezi Juni anaijua hali hii. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, simu haziachi kulia, kila idara inatafuta ankara kifani kwa sababu fedha isiyotumika inarudi hazina, na mwakani fungu litapunguzwa. Hakuna anayepandishwa cheo kwa kurudisha bakaa. Marekani wanafunga mwaka wa fedha 30 Septemba na hofu yao ni hiyo hiyo, isipokuwa kwao ilizidishwa na vita. Bunge lilitaka kuona matokeo kabla ya uchaguzi, na kitu kilicho rahisi kupimwa kwa haraka kilikuwa kiasi kilichotumika. Kiwango cha utumiaji wa fedha kikageuka kipimo cha mafanikio.

Mara moja nilipelekwa kukagua zahanati katika wilaya ambayo sitaitaja. Jengo lilikuwa zuri, rangi mpya, jokofu la chanjo bado limo kwenye nailoni yake, stakabadhi ya usafirishaji imebandikwa mlangoni kwa gundi. Nilipofungua bomba la sinki, likatoa hewa. Bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mtama jirani alikuwa akinitazama tangu nilipofika. Nikamwendea. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu. Umekuja kufungua?” Nikamwambia nimekuja kukagua tu. Akatikisa kichwa, akasema, “Tuliwaambia kwenye mkutano, maji kwanza. Wakaandika. Mimi mwenyewe niliwaona wakiandika.” Nikaenda kutafuta muhtasari wa mkutano ule, nikaukuta. Ombi la maji lilikuwa kipengele cha pili, limeandikwa kwa mwandiko safi. Fungu la mradi lilikuwa la majengo, na aliyeandika muhtasari hakuwa na uwezo wa kulihamisha.

Baada ya siku ile nilianza kuzisoma kwa jicho jingine ripoti za SIGAR, ofisi ya Mkaguzi Mkuu Maalumu wa Ujenzi Mpya wa Afghanistan. Bunge la Marekani liliianzisha mwaka 2008, wakati fedha zilikuwa zimekwishamwagika kwa takriban miaka sita. Tangu 2012 hadi Januari 2025 iliongozwa na John Sopko, mwendesha mashtaka wa zamani. Fedha zilizotengwa kwa ujenzi huo tangu 2002 zilikuwa kati ya dola bilioni 145 na 150, na hizo ni mbali na gharama za vita vyenyewe.

Chukua mtambo wa Kajaki. Bwawa la Kajaki lipo juu ya mto Helmand, na Wamarekani waliojenga kituo chake cha umeme miaka ya 1970 waliacha nafasi tatu za mitambo, ikafungwa miwili. Katikati ya hizo mbili kukabaki shimo tupu. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 2008 majeshi ya Uingereza yaliongoza msafara wa maelfu ya askari na magari kama mia moja, kutoka Kandahar hadi bwawani, kilomita zipatazo 180 katika eneo lililojaa wapiganaji wa Taliban, kuupeleka mtambo wa tatu ukiwa vipande vipande. Ulikuwa ushujaa wa kweli, na watu walikufa njiani. Ila kuufunga mtambo kulihitaji mamia ya tani za saruji, na barabara ile ile haikuwa salama kupitisha malori ya saruji. Vipande vikakaa kambini, mwaka baada ya mwaka. Mtambo ulikuja kuwashwa Oktoba 2016, miaka minane baada ya msafara.

Nimetafakari sana juu ya saruji hiyo. Fundi yeyote wa mtaani anayefunga mashine ya kusaga huuliza kwanza msingi umemwagwa? Wahandisi wa Kajaki bila shaka walijua jibu. Lakini operesheni ilishatangazwa, askari walishapangwa, na kwenye mpangilio kama huo anayesema “tusubiri saruji” anaonekana mzigo.

Mifano mingine naipitia haraka, maana inafanana. Ndege 20 aina ya G222 zilinunuliwa Italia kwa ajili ya jeshi la anga la Afghanistan, mpango wa dola milioni 549. Vipuri vikakosekana, na mwaka 2014 ndege 16 zikauzwa kama vyuma chakavu kwa senti 6 kwa ratili. Sare za askari wa Afghanistan zilichaguliwa zenye madoa ya rangi za msitu, ilhali misitu ni asilimia 2 tu ya nchi ile, na uchaguzi huo uliongeza gharama kwa dola hadi milioni 28.

Linalonigusa zaidi kitaaluma ni suala la kufika kwenye mradi. Mkaguzi lazima aguse ukuta. Mwaka 2013 SIGAR ilichora ramani ya maeneo ambayo raia wa Marekani wangeweza kuyatembelea na, wakijeruhiwa, wakafikishwa hospitali ndani ya saa moja. Makadirio yakawa kwamba ifikapo 2014 maeneo hayo yasingezidi asilimia 21 ya Afghanistan. Mabilioni yaliendelea kutumwa nje ya duara hilo. Mwaka 2015 wakaguzi wakapitia orodha ya vituo vya afya 641 vilivyokuwa vinapewa fedha na USAID, shirika la misaada la Marekani, wakaweka alama za mahali kwenye ramani. Vituo 13 vikaangukia nje ya mipaka ya Afghanistan. Kimoja kilikuwa katikati ya bahari ya Mediterania. Ninapokagua natembea na kifaa cha kupima mahali, na najua kosa kama hilo huzaliwaje: mtu ameketi ofisini, anajaza safu ya jedwali kwa sababu safu haitakiwi kubaki wazi.

Iraq ilikuwa imekwishatoa funzo hilo mapema. Kule kulikuwa na ofisi dada, SIGIR, chini ya Stuart Bowen, iliyofanya kazi kuanzia 2004 hadi 2013. Mji wa Fallujah ulipangiwa mtandao wa majitaka kwa dola milioni 32.5, ukamilike ndani ya miezi 18 na uhudumie mji mzima. Ujenzi ulianza katikati ya mapigano. Kufikia 2011 gharama ilikuwa imepita dola milioni 100, na mabomba yangefikia nyumba zipatazo 9,000 tu. Katika ripoti yake ya mwisho Bowen alikadiria kwamba, kati ya dola bilioni 60 zilizotengwa kwa Iraq, zisizopungua bilioni 8 zilipotea bure. Alipendekeza pia jambo la maana sana: ofisi moja ya kudumu yenye kupanga na kuwajibika kwa ujenzi wa aina hii, badala ya kazi moja kugawanywa kati ya Wizara ya Ulinzi, Wizara ya Mambo ya Nje na USAID, kila mmoja na vitabu vyake. Muswada uliandikwa. Haukupitishwa.

Wasomaji wa Dodoma mtakuwa mmeshaikumbuka Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja Tanganyika kulima karanga ili kufidia uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Ekari zilipangwa London kabla udongo haujaeleweka, ule unaokauka ukawa kama sakafu. Mpango ulivunjwa 1951, na pauni zaidi ya milioni 35 zikafutwa vitabuni. Wapo waliokuwa wakionya tangu mwaka wa kwanza.

Basi kifanyike nini? Sopko aliandika maswali saba mwaka 2013 ya kuuliza kabla fedha haijatoka, na mawili kati ya hayo ningeyachonga juu ya mlango wa kila ofisi ya miradi: je, wenyeji wanauhitaji mradi huu na wanautaka? Je, wataweza kuuendesha? Swali la pili peke yake lingeokoa fedha nyingi mno. Mwaka 2021 SIGAR ilijumlisha majengo na magari iliyowahi kuyakagua, yaliyogharimu dola bilioni 7.8. Yaliyokuwa yanatumika kama ilivyokusudiwa yalikuwa ya bilioni 1.2 tu, na yaliyokuwa katika hali nzuri hayakufika hata milioni 350. Serikali ya Kabul ilikuwa inategemea wafadhili kwa karibu robo tatu ya matumizi yake yote. Ingetoa wapi fedha za kubadilisha vichujio vya viyoyozi?

Lakini maswali mazuri hayatoshi kama anayeyauliza hawezi kufanya lolote na jibu. Hapa naachana na wenzangu wengi, ambao dawa yao ni kuongeza fomu. Fomu tunazo. Mimi nataka vitu vitatu. Fedha za ujenzi mpya ziwekwe kwenye mfuko wa miaka mingi usiofungwa na tarehe ya Septemba au Juni, ili kusubiri saruji kusiwe hasara kwa anayesubiri. Mtu anayesimamia mradi akae nao muda mrefu. Kule Afghanistan wengi walizungushwa kila mwaka au chini ya hapo, na aliyekuja alianza upya kujifunza majina ya vijiji. Na mkaguzi awepo tangu shilingi ya kwanza, akiwa na kinga ya kutofukuzwa kwa kusema analoliona.

Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Januari 2025 Rais Trump aliwafukuza Wakaguzi Wakuu wapatao 17 wa wizara na mashirika kwa siku moja, bila kulipa Bunge taarifa ya siku 30 inayotakiwa na sheria. SIGAR nayo ilipangiwa kisheria kufungwa mwisho wa Januari 2026. USAID imeingizwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje. Wakati huo huo, mapema mwaka 2025 Benki ya Dunia na washirika wake walikadiria kuwa ujenzi mpya wa Ukraine utahitaji dola bilioni 524 katika miaka kumi, na ule wa Gaza na Ukingo wa Magharibi bilioni 53. Fedha hizo zikianza kutoka, zitatoka kwa haraka, chini ya shinikizo lile lile.

Kama ningepewa nafasi ya kuongeza ukurasa mmoja kwenye kila mkataba wa ujenzi huo, ningeandika jina, cheo na namba ya simu ya mtu mmoja aliyeko eneo la mradi, si makao makuu, mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi kwa siku 60 bila kuomba kibali cha mtu. Chini yake ningeandika kwamba fedha atakazozirudisha zitabaki kwenye mfuko wa eneo lile lile, kwa kazi ambayo wenyeji wameiomba kwenye muhtasari. Na ukurasa huo ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji kwa lugha ya wenyeji, pale bibi anapoweza kuusoma, au kusomewa na mjukuu wake, kisha akapiga simu.