Vali ya mitrali iliyobana: lini puto linafaa, na lini lisiguswe

Anayeletwa kwetu zaidi na ugonjwa huu kutoka Lamu na Malindi ni mwanamke kijana, na mara nyingi ameshatibiwa kitu kingine. Anahema akipanda ngazi za nyumba, usiku halali ila ameegemea mito mitatu, akikohoa makohozi huja na damu. Anapimwa kifua kikuu, hakionekani. Anapewa dawa ya pumu ya kupuliza, haimsaidii. Shida iko kwenye moyo, na ipo tiba ya puto dogo linalopitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye vali na kujazwa humo, ambayo, kwa mgonjwa anayeifaa, humwezesha kulala chali usiku uleule. Kwa asiyeifaa inaweza kumwacha na hali mbaya kuliko aliyokuja nayo. Tofauti kati ya hao wawili huonekana kwenye eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kabla ya mtu kuingizwa chumba cha upasuaji.

Vali ya mitrali ni kilango cha damu kilicho upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini, na ina ndimi mbili. Kwa mtu mzima mwenye afya tundu lake hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Likifika 1.5 au chini tunahesabu imebana vibaya; likishuka chini ya 1, mtu hahitaji kazi nzito ili ahisi kukosa pumzi. Chanzo chake, katika nchi zetu, karibu kila mara ni homa ya rumatiki ya utotoni. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria wa streptokoka, koo linapona, na baada ya wiki mbili tatu kinga ya mwili wake inageukia viungo na moyo. Makovu hujijenga kwa miaka, na kingo za zile ndimi mbili hushikana kwenye maungio. Fikiria mlango wa mbao mbili wa nyumba ya Lamu, mbao zake zimegandana kwa rangi juu na chini, pakabaki ufa katikati. Puto linachofanya ni kubandua pale palipogandana, bila kupasua mbao.

Vali hii hupitisha damu wakati moyo umelegea, kati ya pigo na pigo. Moyo ukienda mbio muda huo hufupika, damu hukwama chumba cha juu na kurudi kwenye mapafu. Ndiyo maana mgonjwa aliyekuwa akijimudu huzidiwa ghafla akishikwa na homa, akibeba mimba, au mapigo ya moyo yakivurugika. Dawa za kutuliza kasi ya moyo na za kukojosha hupunguza dalili. Hazifungui vali.

Puto linalotumika hadi leo lilibuniwa na daktari mpasuaji wa Japani, Kanji Inoue, aliyelitumia kwa mgonjwa mara ya kwanza mwaka 1982. Baadaye jaribio la Tunisia lililochapishwa 1998 lililinganisha puto na aina mbili za upasuaji wa vali hii, na baada ya miaka saba matokeo ya puto yalikuwa sawa na ya upasuaji wa kufungua moyo, bila kifua kupasuliwa.

Sasa, nani anafaa? Kwenye eko tunatazama mambo manne: ndimi zinacheza kiasi gani, zimenenepa kiasi gani, zimeota chokaa kiasi gani, na kamba zilizo chini yake zimekakamaa kiasi gani. Kila moja hupewa alama 1 hadi 4. Jumla ikiwa 8 au chini, puto lina nafasi nzuri. Ikizidi hapo halikatazwi moja kwa moja, lakini matarajio yashuke. Binafsi huyatazama maungio kuliko jumla yenyewe: maungio yote mawili yakiwa na chokaa nzito, alama nzuri kwingine hazinishawishi. Vali ambayo tayari inavuja kwa kiasi cha kati au zaidi haipanuliwi kwa puto, kwa kuwa puto huongeza uvujaji.

Lipo na suala la damu iliyoganda. Chumba cha juu kikitanuka damu hutuama humo, na kwenye kijimfuko chake cha pembeni bonge la damu hujificha mahali ambapo eko ya kifuani haioni vizuri. Kwa hiyo eko ya kupitia kooni ni lazima. Bonge likionekana, kazi inaahirishwa: mgonjwa anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, INR (kipimo cha damu kinachoonyesha nguvu ya dawa hiyo) ikikaa kati ya 2 na 3, kisha anapimwa upya baada ya miezi kadhaa. Familia iliyovuka na boti hadi Mokowe, ikashika barabara hadi Mombasa na kuunganisha hadi Nairobi, huumia kuambiwa irudi nyumbani. Naelewa. Lakini kusukuma katheta, ule mrija mwembamba wa kupita ndani ya mshipa, penye bonge ni kulipeleka kwenye ubongo. Heri INR iwe sawa kabla ya safari, na picha za eko zibebwe kwenye diski, kwa sababu karatasi ya ripoti peke yake haituonyeshi maungio.

Kazi yenyewe hufanyika mgonjwa akiwa macho au amesinzia kidogo, kinena kikiwa kimetiwa ganzi. Tunaingia kwenye vena ya kinena cha kulia na kupanda hadi chumba cha juu cha kulia. Kufika kushoto inabidi kutoboa ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu, pale ulipo mwembamba zaidi. Sindano ndefu iliyopinda hupita ndani ya ala yake, tukiongozwa na eksirei na eko. Hapa ndipo mkono unapopimwa. Ukitoboa mbele mno unaingia mshipa mkuu wa aota. Nyuma mno unatokea nje ya moyo. Chumba kilichotanuka sana hupindisha ukuta huo, na alama ulizozizoea huhama. Heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, tunaitoa tukishahakikisha tumevuka salama.

Waya uliojikunja unaachwa chumba cha kushoto, tundu linapanuliwa, na puto linapitishwa likiwa limenyooshwa kuwa jembamba. Ukubwa wake huanzia kwenye urefu wa mgonjwa: sentimita gawa kwa 10, jumlisha 10. Mwenye sentimita 160 anapata milimita 26. Hicho ni kikomo cha kukadiria, si pa kuanzia. Mimi huanza milimita 2 hadi 4 chini yake. Puto limetengenezwa kwa mpira wa lateksi wenye wavu ndani, hivyo anayewashwa au kuvimba akivaa glavu za mpira aseme mapema.

Likishavuka vali, sehemu ya mbele hujazwa kwanza, tunalivuta hadi linase kwenye vali, kisha nyuma hujaa, na mwishowe kiuno cha katikati hutoweka maungio yanapoachia. Kujaza na kunyonya huchukua sekunde chache tu, kwa sababu muda huo damu haipiti na shinikizo la damu huporomoka. Baada ya kila mjazo tunapima kwa eko, kisha tukihitaji tunaongeza milimita 1. Tunasimama eneo likizidi sentimita za mraba 1.5 na ungio moja angalau limefunguka kabisa, au mara tu uvujaji unapoongezeka. Kutamani mjazo mmoja zaidi wakati vali imeshafunguka vya kutosha ndiko kunakoleta majuto.

Linaloogopwa zaidi ni ulimi wa vali kuchanika. Nguvu ya puto huenda palipo dhaifu. Ungio moja likiwa gumu kama jiwe, ulimi laini ulio jirani ndio unaoachia. Uvujaji mkubwa huwapata kati ya wagonjwa 2 na 10 kwa kila 100, na baadhi yao huhitaji kubadilishiwa vali kwa haraka, ndiyo maana sipendi kazi hii ifanywe mahali pasipo na mpasuaji wa moyo karibu. La pili ni damu kujaa kwenye mfuko wa moyo baada ya kutoboa vibaya: shinikizo linashuka, eko inaonyesha maji meusi kuzunguka moyo, na sindano ya kuyavuta iwe tayari mezani tangu mwanzo. Kile kitundu cha ukutani kwa kawaida huwa kidogo na hujiziba.

Wajawazito wanahitaji neno lao. Damu mwilini huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na vali iliyokuwa kimya huanza kusema miezi ya kati ya mimba. Dawa zikishindwa, puto hufanyika, kwa kawaida baada ya wiki ya 20, tumbo likikingwa kwa vazi la madini ya risasi na eksirei ikitumika kwa sekunde chache iwezekanavyo. Mwanamke anayejua vali yake imebana apimwe kabla ya kushika mimba. Anayetumia wafarini amwone daktari mara anapokosa hedhi, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Baada ya puto mgonjwa hulala saa chache bila kukunja mguu, na wengi huruhusiwa ndani ya siku moja au mbili. Eko hurudiwa kabla ya kuondoka, kisha kila mwaka, kwa kuwa kovu linabaki na vali inaweza kubana tena baada ya miaka. Penisilini ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi inaendelea: benzathini vipimo milioni 1.2 kila wiki tatu au nne, kwa miaka 10 au hadi umri wa miaka 40, muda ulio mrefu zaidi kati ya hiyo miwili, na kwa wengine maisha yote. Mgonjwa ambaye vali bado imebana sana na anahema apewe vidonge badala ya sindano hadi atibiwe. Moyo wake hauhimili mshtuko wa kuzimia baada ya sindano.

Mwenye mapigo yaliyovurugika abaki na wafarini. Dawa mpya zisizohitaji INR zinavutia kwa anayekaa mbali na maabara, lakini jaribio kubwa la mwaka 2022 kwa wagonjwa wa rumatiki lilionyesha rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo, ina matokeo mabaya kuliko dawa za jamii ya wafarini. Mchicha na kisamvu, mboga zinazopunguza nguvu ya wafarini, si haramu kwake, ila ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, asiache kabisa kisha akajaza sahani siku moja. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi nyingi, na kwa ambaye miguu bado inavimba ni bora awaache. Ramadhani ikikaribia, wafarini inaweza kunywewa jioni baada ya futari bila shida, lakini dawa ya kukojosha ipangwe na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani kukauka maji mchana kutwa kwenye joto la Malindi huufanya moyo kwenda mbio.