Sonona kwa vijana: uchungu unapovaa sura ya jeuri

Neno sonona halikuzaliwa hospitalini. Kusonona ni kuumia ndani kwa ndani, moyoni, bila jeraha la kuonekana. Wataalamu wa afya ya akili, hasa Tanzania, wamelitwaa liwe jina la ugonjwa; wengine, hasa Kenya, husema unyogovu. Mitaani wengi huita "msongo wa mawazo", na hapo ndipo mambo huchanganyika. Msongo una kitu unachoweza kukinyooshea kidole: mtihani, ada, ugomvi wa nyumbani. Kikiondoka, nao hulegea. Sonona inaweza kubaki hata mtihani ukishapita. Kipimo cha madaktari ni angalau wiki mbili za huzuni au za kutofurahia chochote, karibu kila siku, pamoja na usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, nguvu kuisha, kujiona hufai.

Hiyo ndiyo maana ya kitabuni, ila kijana wa miaka 15 anaweza asilie hata mara moja. Anakuwa mkali. Anajibu kwa mkato, anabamiza mlango, anagombana na mdogo wake kwa ajili ya chaja. Hata miongozo ya uchunguzi inakubali kwamba kwa watoto na vijana, hasira za mara kwa mara zinaweza kusimama mahali pa huzuni. Au mwili ndio unaosema: kichwa, tumbo, na zahanati haioni malaria wala taifodi. Au ni yule aliyekuwa wa tano darasani sasa ni wa thelathini, mpira kaacha, kwaya kaacha. Sisi wazazi tunasema mvivu, ana kiburi, simu imemharibu, na mtoto anachapwa kwa sababu ya ugonjwa.

Neno "balehe" nalo limetufichia mengi. Ni kweli balehe hununisha, lakini aliyenuna leo kwa kawaida kesho utamsikia anacheka na wenzake. Kicheko kikipotea wiki baada ya wiki, usiishie kwenye balehe.

Si kila mwenye sonona hufikiria kujiua, wala si kila anayejiua alikuwa na sonona, lakini mambo haya mawili hukaa jirani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa walio na miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Sikiliza maneno: "nimewachosha", "bora nisingezaliwa", "mtapumzika". Angalia anayegawa vitu vyake anavyovipenda, au anayeaga kana kwamba anasafiri. Hata utulivu wa ghafla baada ya majonzi marefu, ule unaotufanya tumshukuru Mungu kwamba amepona, unastahili kuulizwa. Na aliyewahi kujaribu, tafadhali, asiambiwe anatafuta kiki. Yuko hatarini kuliko wengine.

Wengi huogopa kutamka neno lenyewe wasije wakampa mtoto wazo. Tafiti hazioneshi hivyo. Kuulizwa mara nyingi humtua mtu mzigo. Uliza waziwazi: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Uliza mkiwa mnaosha vyombo au mnatembea, maana kuketishwa na kukaziwa macho huwabana vijana. Kisha nyamaza. Usianze na dhambi, wala na "wenzako wana shida kuliko wewe".

Akisema ndiyo, usiahidi kutunza siri. Usimwache peke yake. Dawa za nyumbani na sumu za shambani zifungiwe mbali naye, kwa sababu mara nyingi msukumo wa kujiua hupanda kwa muda mfupi kisha hushuka, na anayecheleweshwa hupata nafasi ya kuokolewa. Siku hiyohiyo mpeleke hospitali.

Matibabu yapo. Kuna tiba ya mazungumzo na mtaalamu, na kwa wenye hali nzito daktari anaweza kuongeza dawa kama fluoxetine. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi; mwanzoni kijana aangaliwe kwa karibu zaidi kwa kuwa mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka, na asiache dawa ghafla. Maombi yaendelee, dawa nazo ziendelee.

Hofu ya polisi imewafanya wengi wafiche mgonjwa ndani. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Tanzania, Kenya na Uganda, namba ya msaada kwa watoto ni 116. Kijana mwenyewe anaweza kupiga, hata rafiki yake pia. Mara nyingi rafiki ndiye anayejua kabla ya nyumbani.