Semi iliyotumika: yanayosemwa kijiweni na yanayoonekana ukilala chini ya gari

Kichwa cha semi, yaani gari la mbele linalovuta tela, kikiegeshwa kando ya barabara ya Singida, kimeoshwa, kimepigwa rangi na tairi zinang'aa, mnunuzi mgeni hupanda kabini kwanza. Anakaa, anageuza usukani, anasoma kilomita. Semi haikaguliwi hivyo. Njoo na boksi la kulalia, tochi, nyundo ndogo na brashi ya waya, uanzie chini. Maneno yanayofuata ndiyo yanayowaponza zaidi watu wa Dodoma wanaonunua gari la kwanza ili waliendeshe wenyewe.

"Kilomita laki tatu tu, bado bichi."

Piga hesabu. Kichwa cha safari ndefu Ulaya hutembea kilomita laki moja au zaidi kwa mwaka. Cha mwaka 2010 kilichofanya kazi miaka sita kabla ya kuuzwa hakiwezi kuonyesha laki tatu, labda kiwe kililala yadi au mita yake ya kilomita imechezewa. Tena laki nane si ugonjwa. Injini za lita 12 au 13 zilizobadilishiwa oili kwa wakati hufika kilomita milioni moja bila kufunguliwa. Angalia mpira wa pedali ya klachi kama umelika hadi chuma, na bawaba za mlango kama zimelegea. Kisha mlipe fundi umeme mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya injini, kwa sababu humo mna saa ambazo injini imefanya kazi. Saa 15,000 kwa kilomita laki tatu ni wastani wa kilomita 20 kwa saa, mwendo wa baiskeli. Mita ya gari la namna hiyo imechezewa.

"Limetoka Uingereza juzi, halijaona vumbi."

Vumbi halijaona, ila limeona chumvi. Kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isigande, na chumvi hiyo hupenya katikati ya mabamba mawili ya chasisi. Kutu ikiota pale ndani huvimba na kuyasukuma mabamba yaachane. Chuchumaa nyuma ya gari, utazame ukingo wa chasisi kwa urefu wake: ukiona umefanya mawimbi kati ya riveti na riveti, hiyo ni kutu, na rangi nyeusi ya jana haiwezi kuficha mawimbi. Gonga kwa nyundo. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Pitisha tochi kwenye brakti za springi na kuzunguka sahani ya kuunganishia tela, ukitafuta mstari mwembamba wenye rangi ya kutu inayochuruzika, maana huo ni ufa. Chasisi yenye mstari wa kuchomelea unaokatiza ukingo wake, iache hata kama bei ni ya kutupwa.

Vichwa vingi vya kule pia ni 6x2. Vina ekseli tatu, lakini inayosukuma ni moja. Kwenye lami ya Dar hadi Rusumo vinafanya kazi vizuri. Ukifuata alizeti ndani ya Kondoa au Kiteto baada ya mvua, tairi zako nne zitazunguka mahali pamoja mpaka trekta lije. Kwa kazi ya kuingia vijijini chukua 6x4, yaani yenye ekseli mbili zinazosukuma, na springi za chuma.

Kama lina tanki la urea, ile dawa ya kusafisha moshi wa injini, uliza mfumo wake unafanya kazi au umezimwa, na umezimwa na nani. Mfumo uliozimwa huwekewa kifaa cha kuidanganya kompyuta, na kikifa njiani, injini hujipunguzia nguvu ukiwa na mzigo mgongoni.

"Sikiliza injini inavyounguruma, safi kabisa."

Injini iliyowashwa kabla hujafika imekuficha nusu ya habari zake. Mwambie muuzaji unakuja saa 12 asubuhi na gari lisiguswe, halafu weka kiganja kwenye bloku kabla ufunguo haujazungushwa. Ikiwa ya vuguvugu, rudi kesho. Baridi ya asubuhi ya Dodoma mwezi wa Juni na Julai inatosha kuiumbua injini iliyochoka.

Moshi mweupe unaoisha ndani ya dakika chache usikutishe. Ukiendelea na unawasha macho, ni dizeli isiyoungua: nozeli mbovu au mgandamizo umeshuka. Wa bluu ni oili. Mweusi ukikanyaga mafuta, anza na filta ya hewa na mabomba ya turbo kabla ya kuihukumu pampu. Bomba lililochanika dawa yake ni ya bei ndogo.

Sasa mpumuo. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze juu chini na ukiweke juu ya tundu bila kukaza. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirushwa, na mvuke wa oili unatoka kwa mapigo, ringi za pistoni zimekwisha na hewa ya mwako inapita kwenda chini. Hiyo ni injini ya kufunguliwa yote, na bei ya gari ianze kuhesabiwa upya hapo.

Mapovu kwenye tanki la maji ya rejeta huwafanya mafundi wengi watamke neno moja: gasketi ya hedi. Wasikukimbize. Kompresa ya upepo wa breki nayo hupozwa kwa maji ya injini, na gasketi yake ikipasuka husukuma upepo kwenye maji. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Toa upepo kwa kukanyaga breki mara nyingi, kompresa ianze kujaza, na utazame mapovu. Subiri mitungi ijae na kompresa iache kusukuma. Mapovu yakikoma hapo hapo, tatizo ni kompresa, kazi ya siku moja. Yakiendelea vilevile, ndipo uzungumzie hedi. Kosa la kuchanganya haya mawili limewafanya watu wafungue injini nzima bure.

Ulaji wa mafuta nao upimwe ukiwa na mzigo. Semi iliyopakia inayokwenda kilomita 2 kwa lita hutumia lita 450 kwa kilomita 900, yaani Dodoma–Dar na kurudi kwa makadirio. Ikishuka hadi kilomita 1.7 kwa lita, zinakuwa karibu lita 530. Lita 80 zimepotea, na hizo ni za safari moja.

"Breki ni kazi ndogo, utarekebisha ukishachukua."

Mtu anayesema hivi hajashuka Sekenke na tani 30, wala Nyang'oro akitoka Iringa. Weka vizuizi kwenye tairi, jaza upepo hadi kompresa ikate, zima injini, achia breki ya maegesho. Kichwa kikiwa na tela, sindano ya geji ya upepo isishuke zaidi ya bar 0.2 kwa dakika. Kanyaga pedali, sindano itulie, uishikilie pedali dakika moja: mwisho wa kushuka ni bar 0.28 hivi. Zaidi ya hapo kuna mpira au vali inayovuja, na sikio lako likipita chini litaisikia. Ipime pia breki ya moshi au retada. Hiyo ndiyo inayobeba mteremko ili breki za miguu zisipate moto.

"Semi ni semi, zote zinabeba sawa."

Hapa ndipo wengi hununua gari lisilofanana na kazi yao. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaweka tani 8 kwa ekseli ya mbele, 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, 18 kwa ekseli mbili zenye tairi nane na 24 kwa ekseli tatu za tela zenye tairi kumi na mbili. Kichwa cha 6x4 na tela hilo ni tani 50. Cha 4x2, chenye ekseli moja tu ya nyuma, ni 42. Ukitoa uzito wa gari lenyewe, la kwanza linabaki na karibu tani 33 za mzigo, la pili karibu 27. Kwa mahindi ya Kibaigwa, tofauti ni kama magunia 60 ya kilo mia kila safari. Pima gari likiwa tupu kabla ya kulipa, kwa sababu tela lililoongezewa vyuma linakula mzigo wako. Kumbuka pia kwamba jumla inaweza kuwa ndani ya kiwango na bado ukawa na kosa mizani, ekseli moja ikizidi.

Tela "la bure" linaloongezewa kwenye biashara lichunguzwe kama kichwa. Kingipini, ile pini ya chini ya tela inayoingia kwenye sahani ya kichwa, ikiwa mpya ya inchi mbili ina milimita 50.8; ikilika hadi 49, ibadilishwe. Tairi ni 22 bila spea. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lenye kashata (meno) nzuri hupasuka kwa joto la mchana, kwa hiyo tairi za namna hiyo zihesabu kama hazipo unapopatana bei.

"Kadi ipo, mambo ya jina baadaye."

Kichwa na tela vina namba mbili na kadi mbili za usajili. Taka kadi halisi. Fotokopi mara nyingi maana yake ya asili iko benki kwa mkopo. Sugua chasisi kwa brashi ya waya, usome namba tarakimu kwa tarakimu, ukague kama kingo zake zimechomelewa upya, kisha uzihakiki zote mbili TRA na polisi. Leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ziwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na oili ya kwanza, lita 30 hadi 40 kwa injini nyingi za ukubwa huu, na filta zake. Kiasi cha mwisho cha fedha mpe muuzaji siku kadi zote mbili zinapotoka na jina lako.