"Kajitakia mwenyewe": dhana na ukweli kuhusu kumlaumu aliyepatwa

Dhana: Anayemlaumu aliyepatwa hana huruma.

Ukweli: Mara nyingi ana hofu. Mwaka 1966, wanasaikolojia Melvin Lerner na Carolyn Simmons waliwaonesha wanafunzi wa kike, huko Marekani, mwenzao akipigwa shoti ya umeme kila akikosea jibu. Shoti zilikuwa za kuigiza, lakini watazamaji hawakujua. Walioambiwa kuwa ataendelea kuteswa, nao hawana la kufanya, walimdharau zaidi kuliko waliopewa nafasi ya kumwokoa. Lerner alieleza kwamba tunataka kuamini kila mtu hupata anachostahili. Kama yule yamemkuta bila kosa, hata mimi yanaweza kunikuta. Basi tunamtafutia kosa ili tupate usingizi.

Dhana: Waliopanda meli ile iliyozama waliona imejaa. Si wangeshuka?

Ukweli: MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba usiku wa Septemba 9, 2011, siku chache baada ya Idi, ikazama Nungwi usiku uleule. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana. Wengine wengi hawakuonekana tena. Na bado maneno haya husemwa barazani, hata mbele ya mtu aliyefiwa. Inaniuma sana. Mfikirie mama pale bandarini, mtoto mgongoni, nauli keshalipa, nyumbani anasubiriwa, na pengine meli zilizojaa vile alishazipanda akafika salama. Sisi tunaiona hatari wazi kwa sababu mwisho tunaujua. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alilionesha hili mwaka 1975: mtu akishaambiwa matokeo, huona yalikuwa dhahiri tangu mwanzo. Tena, kuhesabu abiria na kuiruhusu meli ing'oe nanga haikuwa kazi ya abiria. Ukimlaumu marehemu, waliokuwa na kazi hiyo wanapona.

Dhana: Anayejilaumu mwenyewe amekiri kosa.

Ukweli: La. Wengi huona afadhali kusema "ningefanya hivi" kuliko kukubali kwamba hawakuwa na uwezo wowote.

Dhana: Lawama zinawafunza wengine tahadhari.

Ukweli: Zinawafunza kunyamaza. Binti akisikia mwenzake aliyebakwa anaulizwa "ulifuata nini kule saa zile?", keshajua kwamba yakimfika yeye, hasemi. Vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, viliwekwa ili mtu apate daktari, polisi na ushauri pahala pamoja. Lakini dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa ianze ndani ya saa 72, na muda wote anaokaa ndani akiogopa maneno ya mtaa umo katika hesabu hiyo.