Rangi inayonenepesha chuma

"Mashine imesema milimita 6, bado nzima." Mwenye boti ya chuma pale Kibirizi, Kigoma, akisikia hivyo hulipa na kwenda zake. Ila mashine ya ultrasaundi haijui unene. Inajua muda: sauti imeingia, imegonga upande wa pili wa bamba, mwangwi umerudi. Ndani ya chuma sauti huenda takriban mita 5,900 kwa sekunde. Milimita 6, kwenda na kurudi, ni mikrosekunde 2 hivi. Unene unapigiwa hesabu kwa kasi uliyoiingiza wewe.

Dhana: rangi haina neno, ni nyembamba.

Hapa ndipo wengi tunapotumbukia. Ndani ya rangi sauti hujikokota, mara nyingi chini ya nusu ya kasi yake kwenye chuma. Chukua boti iliyopakwa rangi juu ya rangi hadi ikafika milimita 0.8. Ikiwa rangi hiyo inapitisha sauti kwa mita 2,400 kwa sekunde, mashine huihesabu kama karibu milimita 2 za chuma. Bamba lililoliwa hadi 4 linasomeka 6! Kwangua, au pima muda kati ya miangwi miwili inayofuatana kutoka mgongo wa bamba, yaani ule upande wa pili. Hapo rangi haiingii kwenye hesabu.

Dhana: jeli ni ya kutelezesha probu (kichwa cha mashine kinachogusa bamba na kutuma sauti) tu.

La. Hewa kidogo ikibaki kati ya probu na bamba, karibu sauti yote inarudi ilikotoka. Jeli ikiisha, hata grisi inafaa.

Dhana: mabamba yakipandana, unayapima yote kwa mkupuo.

Meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuunganishwa upya hapahapa Kigoma, ina mishono ya ribiti (misumari minene ya kufungia mabamba), bamba juu ya bamba. Mwanya wa katikati, hata uwe mwembamba kama karatasi, kwa sauti ni ukuta. Utasoma bamba la kwanza peke yake. (Na kutu hupenda kujificha wapi? Humo humo.)

Dhana: hakuna mwangwi, hakuna ufa.

Ufa uliolala sambamba na njia ya sauti haurudishi kitu. Ndiyo maana viungo vya kuchomelea hupimwa kwa probu za pembe, digrii 45, 60 au 70, na ikiwezekana kutoka pande zote mbili.

Dhana: ultrasaundi ni mionzi.

Ni sauti tu. Kula dagaa wako bila hofu.

Dhana: namba ikishuka ghafla hadi nusu, ni kutu.

Huenda bamba lilitoka kiwandani na mpasuko uliolala katikati yake. Sogeza probu kidogo kidogo: kutu kwa kawaida hupandisha na kushusha namba, mpasuko hung'ang'ania kina kilekile.