Kisanduku cha maandishi hakijichagulii rangi

Anayeanza kuandika programu za Windows kwa Win32, yaani seti ya amri za msingi za Windows, hutafuta amri ya kukipa kisanduku cha maandishi rangi, asiipate. Haipo. Kisanduku kinapotaka kuchorwa, dirisha mzazi ndilo hupokea ujumbe WM_CTLCOLOREDIT, kana kwamba linaulizwa: mwanao avae nini leo?

Jibu lina sehemu tatu. SetTextColor hupaka herufi. SetBkColor hupaka nyuma ya herufi tu, na eneo lililobaki hupakwa kwa brashi, yaani kitu cha Windows cha kujazia rangi, ambayo mzazi huirudisha. Ukisahau SetBkColor, maneno hukaa juu ya viraka vyeupe katikati ya kisanduku cha rangi nyingine.

Brashi ndiyo yenye balaa. Iunde mara moja dirisha linapofunguliwa, itumie tena na tena, kisha uifute kwa DeleteObject dirisha likifungwa. Ukiita CreateSolidBrush humo humo unapojibu ujumbe, kila uchoraji utazaa brashi mpya, na Windows haitakufutia hata moja. Kikomo cha kawaida ni vitu 10,000 vya GDI (sehemu ya Windows inayochora, brashi zikiwemo) kwa kila programu. Ukijaribu kwa dakika mbili huoni kitu. Anayeshinda na programu mchana kutwa ndiye atakayekuta vitufe havichorwi na madirisha yana mapengo.

Rangi nazo huandikwa kinyumenyume: nyekundu hukaa kwenye baiti ya chini kabisa. Ukinakili FF8000, ambayo kwenye wavuti ni rangi ya chungwa, na kuiandika 0xFF8000, utapata buluu. Tumia makro RGB.

Halafu kuna visanduku vya kusomwa tu, au vilivyozimwa. Hivyo hutuma ujumbe mwingine, WM_CTLCOLORSTATIC, kwa hiyo msimbo wako wote mzuri hauguswi. Hata WinForms, zana ya .NET ya kuunda madirisha, ina kisa chake hapa: TextBox yenye ReadOnly hupuuza ForeColor mpaka uiwekee BackColor waziwazi, hata kama ni rangi ileile iliyokuwa nayo. Naona ni ubishi usio na maana, lakini ndivyo ilivyo.

Ukibadilisha rangi programu ikiwa inaendelea, ita InvalidateRect, la sivyo ya zamani itabaki machoni. Na kabla ya kupaka chochote, uliza kwa SPI_GETHIGHCONTRAST kama mtumiaji amewasha rangi za utofauti mkubwa. Akiwa amewasha, weka palette yako kando na uchukue COLOR_WINDOW na COLOR_WINDOWTEXT kwa GetSysColor.